Mpaka Joto Liishe

Kazini walimwita Nyoosha, na jina likamfuata hadi nyumbani, hata mume wake akalizoea. Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, na neno hilo halikumtoka mdomoni. Shuka likitoka kwenye mashine limejisokota, "nyoosha." Msichana mgeni kazini akianza kulia kwa sababu ameunguza ukosi wa shati la mteja, "nyoosha uso, tutaona la kufanya." Hakuwa mkali. Alikuwa tu mtu asiyeweza kuona kitu kimejikunja akakipita.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ardhi, nyuma ya jiko, bila dirisha. Mashine zilinguruma upande mmoja, madumu ya dawa ya kung'arishia nguo yalipangwa upande wa pili, na wapiga pasi walisimama katikati, kwenye mvuke. Wakubwa wakija kukagua walizungumza wakiwa mlangoni, leso puani. Nyoosha hakusikia harufu yoyote. Miaka ya mwanzo alikohoa kama wengine, baadaye pua ikasalimu amri. "Pua yangu ilishastaafu," aliwaambia wenzake. "Imebaki pambo la uso."

Nyumbani walikuwa na chumba kimoja na kibaraza katika uwa wa wapangaji, paa la bati lisilo na dari. Mume wake alikuwa mlinzi wa usiku kwenye duka la samani. Walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza, msichana aliyemaliza darasa la kwanza, aliitwa Dada na kila mtu, hata baba yake, kwa kuwa ndivyo mdogo wake alivyomwita. Mdogo huyo aliitwa Babu, kwa sababu alizaliwa na kipaji cha uso kilichokunjamana kama cha mzee aliyeamshwa kabla ya wakati. Mlinzi alipenda kusema kuwa huo ndio mkunjo pekee duniani ambao mkewe hakutaka kuunyoosha.

Babu alikuwa na pumu. Kabla ya kwenda kazini, kila alfajiri, Nyoosha aliinama kwenye mkeka, akaweka sikio mgongoni mwa mtoto na kusikiliza. Filimbi ya kifua ikiwa ndogo, aliondoka. Ikiwa kubwa, alimvutisha dawa kwanza, kisha akaondoka akitazama nyuma.

Mwaka ule joto lilikuja mapema, na lilikuja na hasira. Lami ilinata kwenye kandambili. Bomba la uwani lilitoa maji kwa mgao, na siku nyingine lilikoroma tu kama mtu anayeota. Shule zilifungwa, watoto wa uwa mzima wakamwagika nje na mabeseni, wakagombania kivuli cha ukuta ambacho kilipungua kadiri jua lilivyopanda. Adhuhuri hakukuwa na kivuli cha kugombania, wakarudi ndani.

Nyoosha akitoka asubuhi, mumewe alikuwa ndiyo kwanza anarudi. Walikabidhiana watoto pale mlangoni.

"Hakuna tukio," Nyoosha alisema, "ila Dada hajanywa chai, anasema ya moto."

"Napokea lindo," Mlinzi alijibu, akipiga saluti na kandambili mkononi.

Halafu alijilaza kwenye sakafu ya saruji, mahali penye ubaridi, na watoto wakacheza kumzunguka kama anavyozungukwa ng'ombe aliyelala njiani. Feni ilikuwa moja, na ilitazama upande mmoja tu.

"Baba, Babu anakula upepo wangu wote."

"Upepo hauliwi."

"Anaula. Ameufungulia mdomo."

Mlinzi hakufumbua macho. "Babu, funga mdomo. Dada, fungua wako. Mimi sipo hapa mpaka saa tisa."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na hawakuwa watu wa huzuni. Jioni Nyoosha akirudi aliwaogesha watoto uwani, beseni moja kwa wote wawili, na kwa maji yaleyale akadeki kibaraza. Baadaye walikaa hapohapo pa unyevu, wakinyonya barafu za mfuko za jirani wa mlango wa pili, ambaye kwa biashara hiyo aliitwa Mama Barafu.

Jambo lililomkosesha raha Nyoosha lilikuwa simu ya dada yake.

Dada yake huyo, ambaye watoto walimwita Mama Mkubwa, alikuwa mshonaji wa sare za shule katika mji mdogo wa milimani, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alikuwa mjane, na hakujaliwa mtoto. Kila joto lilipoanza alipiga simu, na kila mara mazungumzo yaliishia palepale.

"Mdogo wangu, nasikia huko kwenu watu wanaiva."

"Bado. Sasa hivi tunageuzwa upande wa pili."

Dada yake alicheka, kisha akakohoa kidogo, na Nyoosha akajua kinachofuata.

"Babu hajambo?"

"Yupo."

"Kuwepo najua yupo. Nauliza kifua."

"Kinaimba kidogo."

"Niletee, basi. Huku usiku tunajifunika blanketi. Mpaka joto liishe tu."

"Dada, maneno hayo niliwahi kuyasikia."

Wote wawili walijua aliyasikia wapi. Nyoosha alipokuwa anaanza kung'oka meno ya utoto, mama yao alimwazima kwa shangazi aliyeumwa mguu na kuhitaji mtoto wa kutumwa. Ilikuwa mpaka mvua ziishe. Walimwambia wanakwenda sokoni. Wakapanda basi, na jioni mama akarudi peke yake. Mvua hizo ziliisha, na nyingine zikaisha, na Nyoosha akakulia kwa shangazi. Aliporudi kwao alikuwa msichana wa kuchumbiwa. Mama yake alimpokea vizuri mno. Dada yake alipewa chai kwenye kikombe cha bati kama siku zote, na yeye akatolewa kikombe cha kioo kabatini, kile cha wageni. Hakumlaumu mama yake kwa lolote hadi alipofariki. Lakini kikombe kile hakikumtoka moyoni.

"Mimi si shangazi," dada yake alisema hatimaye.

"Najua."

"Na si mimi niliyekupeleka."

"Najua, dada. Wewe ulikuwa mtoto mwenzangu. Lakini wangu simwazimi mtu. Nitampoza hapahapa."

Ndipo akaanza kutafuta namna ya kumpoza hapohapo.

Tabibu wa zahanati ya mtaa alishamwambia kwamba maadui wa kifua kile ni vumbi na hewa nzito. Nyoosha akalifikiria hilo siku nzima huku akipiga pasi. Hotelini shuka likichanika halitandikiwi mgeni tena, na msimamizi aliwaruhusu wafanyakazi kuyachukua yale yaliyochakaa. Nyoosha aliomba kadhaa, akayakunja vizuri, akaenda nayo nyumbani. Aliyalowesha, akatundika moja dirishani, moja mlangoni, na mengine kwenye kamba aliyoifunga kuzunguka mkeka wa watoto. Upepo wowote uliotaka kuingia ilibidi upite kwanza kwenye shuka bichi. Feni akaielekeza hapo.

Mlinzi aliporudi asubuhi alisimama katikati ya chumba, kofia kichwani, akavuta pumzi.

"Mke wangu, leo nimeingia hoteli gani?"

"Lala, usizungumze."

"Chumba cha mbele au cha nyuma? Kifungua kinywa saa ngapi?"

Watoto walicheka. Kweli chumba kilipoa. Dada na Babu walicheza chini ya mashuka kutwa nzima, wakisema wako ndani ya wingu, na Mlinzi akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu shule zifungwe. Nyoosha alimpigia simu dada yake yeye mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea, akamweleza kuhusu mashuka. Dada yake alisema, "Hongera, mdogo wangu," na akasema kwa moyo mmoja.

Lakini shuka bichi hushika vumbi, na mtaa ule ulikuwa wa vumbi. Nyoosha aliona alama zake za kahawia kila jioni, na mpiga pasi hawezi kumlaza mtoto mwenye pumu ndani ya shuka chafu. Kwa hiyo kila jioni aliyaloweka katika dawa ya kung'arishia, dumu dogo alilopewa kazini, kwa kipimo kilekile cha mashine. Mashine ya hoteli husuuza kwa maji matatu. Uwani, maji ya mgao hayakufika hata mawili. Nyoosha aliyasuuza mara moja, akainua shuka kwenye mwanga, akaona jeupe halina doa, akalitundika. Harufu iliyobaki hakuisikia. Kwa pua yake hapakuwa na kitu.

Mumewe aliisikia, na akaipenda. Kwake ilikuwa harufu ya usafi wa mkewe, ile aliyorudi nayo kwenye nywele kila jioni tangu waoane. Mama Barafu alichungulia mlangoni akasema, "Jirani, kwako siku hizi kunanuka hospitali," na Nyoosha akashukuru.

"Mama, macho yanawasha," Dada alisema siku moja.

"Umeshinda vumbini."

"Sikutoka nje."

"Basi vumbi limekufuata ndani. Nawa uso."

Filimbi ya Babu ikaanza kuwa kubwa alfajiri. Nyoosha alisikiliza mgongo wake, akamvutisha dawa, akatazama mashuka kwa mashaka. Aliona vumbi linamshinda. Jioni ile akaongeza kipimo.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, Dada alimtikisa baba yake bega. Alikuwa amekatazwa kumwamsha kabla ya saa tisa, kwa hiyo alimtikisa polepole.

"Baba. Babu anacheza vibaya."

"Anachezaje?"

"Anacheza samaki."

Mlinzi aliinuka. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono imeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka, mdomo wazi na hakuna sauti. Hata filimbi haikuwepo. Mlinzi alimvutisha dawa, akamvutisha tena. Halafu akafanya ambalo mtu yeyote wa nyumba ile angelifanya: alivuta shuka bichi kutoka kwenye kamba, akamfunika mtoto mwili na kichwa ili jua lisimpate, akakimbia naye. Mama Barafu alimwona akipita, akamshika Dada mkono, na kwa simu yake akaipigia hoteli.

Nyoosha alifika zahanati akiwa bado na aproni ya kazi. Babu alikuwa kitandani, barakoa usoni, mashine ndogo ikimpulizia dawa kwa moshi mwembamba. Mabega yalikuwa yameanza kutulia. Mlinzi alisimama ukutani na kaptura yake ya kulalia, miguu mitupu, nyayo zimebabuka kwa lami.

"Amevuka?" Nyoosha aliuliza.

"Anavuka," tabibu alisema. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Aliokota shuka lililoachwa kwenye kiti, akalisogeza puani, na uso wake ukageuka pembeni wenyewe. "Mama, hili mmelilowekea nini?"

"Dawa ya kung'arishia. Ili lisiwe na vumbi. Uliniambia vumbi."

"Na linakaa wapi?"

"Dirishani. Na mlangoni. Na…" Nyoosha alionyesha kwa mkono duara, mkeka ulivyozungushiwa.

"Anashinda humo ndani?"

"Kutwa nzima. Nilitaka apoe."

Tabibu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakupandisha sauti. "Harufu hii ndiyo iliyomfunga kifua, mama. Mimi imenichoma macho kwa kunusa mara moja. Wewe huisikii?"

Nyoosha alilichukua shuka, akaliweka usoni, akavuta pumzi ndefu. Kisha akavuta tena. Mumewe alimtazama akivuta, mara ya tatu sasa, kama mtu anayetafuta kitu chumbani mwake gizani.

"Siisikii," alisema.

"Mimi niliisikia," Mlinzi alisema kutoka ukutani. "Nikaona ni nzuri."

Baadaye Babu alipotolewa barakoa, alisema kwa sauti iliyokwaruza kwamba amekunywa moshi, na akauliza kama Dada naye atapewa.

Mashuka yaliteremshwa siku hiyohiyo. Chumba kikarudi kuwa tanuri. Nyoosha alimkanda mtoto kwa maji matupu, akampepea kwa kipande cha boksi mpaka mkono ukafa ganzi, na filimbi ikawa ipo, asubuhi na jioni. Tabibu alisema kifua kilichofungwa namna ile kinahitaji muda na hewa nyepesi, na kwamba shambulio jingine katika joto lile huenda lisisubiri zahanati. Mlinzi alikuwa wa kwanza kulitamka.

"Mpigie dada yako."

"Nampigia."

"Sikulazimishi."

"Najua hunilazimishi. Nipe simu."

Dada yake hakuuliza mengi. Alifunga cherehani yake, akaja na basi la kwanza. Alipoingia chumbani aliketi kwenye mkeka, akamweka Babu mapajani, na kwa muda akamtazama mdogo wake aliyekuwa akipiga pasi vinguo vya mtoto, hata soksi, hata vitambaa vya kufutia pua.

"Joto likiisha nitamrudisha mwenyewe," alisema.

"Hapana. Nitamfuata mimi."

"Vyovyote utakavyo, mdogo wangu."

"Na usimwambie anakwenda sokoni."

"Sitamwambia."

Walimwambia Babu ukweli: kwamba anakwenda kwa Mama Mkubwa mpaka kifua kipone na joto liishe, na kwamba mama yake atakuja kumchukua. Babu aliuliza kama kuna mbuzi. Alipoambiwa wapo, alikubali. Dada ndiye aliyelia, akasema na yeye anaumwa, akajikohoza mpaka Mlinzi akambeba kwenda kumwonyesha treni ya mizigo.

Kulikuwa na nafasi kwenye mkeka sasa, na upepo wote wa feni ulikuwa wa Dada. Hakuutaka. Alilala upande wake uleule wa zamani, na kwa wiki nyingi ule wa pili ulibaki mtupu. Nyoosha alfajiri bado aliinama, kwa mazoea, kabla ya kukumbuka. Siku za mapumziko alimpigia dada yake, na simu ikapewa Babu, ambaye alipumua ndani yake kwa nguvu bila kusema neno.

"Sema na mama," sauti ya Mama Mkubwa ilisikika nyuma.

"Nasema," Babu alijibu, akaendelea kupumua.

Nyoosha hakumharakisha. Alibana simu sikioni, akasikiliza pumzi ile, ndani, nje, ndani, nje, mpaka salio likaisha. Halikuwa jambo alilomweleza mtu.

Hatimaye mawingu yalirudi. Mvua ya kwanza ilipopiga bati, watu wa uwa mzima walitoka nje wakasimama chini yake na nguo zao. Shule zilikaribia kufunguliwa. Nyoosha aliomba ruhusa kazini, akapanda basi asubuhi na mapema. Mlinzi na Dada walimsindikiza kituoni.

"Mwambie nimemtunzia kiti," Dada alisema.

"Kiti gani? Tuna kiti?"

"Cha kwenye kibaraza. Nimekitengeneza kwa matofali."

Mji wa milimani ulikuwa na ukungu aliposhuka. Baridi ilimshika vidole. Nyumba ya dada yake ilikuwa juu ya mwinuko, na Nyoosha alipanda akisimama njiani kupumzika, yeye mtu mzima mwenye mapafu yake. Alipoinua macho aliona watoto wanateremka mbio kumfukuza mwanakondoo. Wa mbele alikuwa na sweta la kijani, na kipaji cha uso kilichokunjamana.

Babu alimwona. Aliacha kondoo, akageuka, akapanda mwinuko ule kumkimbilia, kwa sababu alikuwa ameshampita. Alikimbia njia nzima. Alipomfikia alimkumbatia magoti, na Nyoosha akapiga magoti pale kwenye majani mabichi, akaweka sikio mgongoni mwake juu ya sweta. Moyo ulikuwa ukipiga haraka. Pumzi ilikuwa ikienda na kurudi, safi. Alisikiliza muda mrefu, akingoja filimbi, na filimbi haikuja.

Ndani, dada yake alimpa chai, akakaa upande wa pili wa meza ya cherehani. Begi la Babu lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu.

"Mzigo wake uko tayari," alisema. "Nimeweka na sweta mbili, ingawa huko hatazihitaji."

"Hajapata shambulio lolote?"

"Moja, wiki ya kwanza, dogo. Tangu hapo, hakuna." Alikata uzi kwa meno. "Sikuombi kitu, mdogo wangu. Nilikuahidi, na begi ndilo hilo."

"Nimeliona."

"Basi kunywa chai. Inapoa haraka huku."

Nyoosha alikaa siku mbili. Alimwogesha mtoto maji ya moto, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia. Alilala naye chini ya blanketi, na kila alipoamka alisikiliza. Mchana Babu alimwonyesha mbuzi, mmoja mmoja, na tabia za kila mmoja. Alikula akaongeza. Alimwita yeye "mama," na dada yake "Mama Mkubwa," bila kukosea hata mara moja. Hakuwa amesahau chochote. Aliuliza kama feni bado inatazama upande mmoja. Aliuliza nani anakula upepo.

Asubuhi ya kuondoka, Babu alivaa viatu mwenyewe, akaweka kushoto kulia, akakaa juu ya begi lake mlangoni. Nyoosha alichuchumaa mbele yake, akavivua, akavivalisha upya, akafunga kamba. Alichukua muda mwingi kwenye kamba zile. Dada yake aliona mikono ile, akaingia jikoni.

"Babu, nisikilize. Mimi nakwenda. Wewe unabaki kwa Mama Mkubwa."

"Joto halijaisha?"

"Limeisha. Litarudi. Huko kwetu huwa linarudi."

Mtoto alimtazama. Alifikiri, kisha akapata jibu, na uso ukamng'aa.

"Lakini mama, mimi sikohoi tena. Sikiliza." Akavuta pumzi kwa nguvu zote, kifua kikajaa, akaitoa. Akageuka, akampa mgongo. "Sikiliza huku."

Nyoosha aliweka sikio.

"Umesikia? Hakuna."

"Nimesikia, mwanangu. Ndiyo maana unabaki."

Babu alilia wakati huo, si kwa kelele, mdomo umefungwa, kama anayeogopa kwamba kilio nacho kitahesabiwa kikohozi. Nyoosha hakumdanganya kwamba anakwenda sokoni. Alimwambia atakuja shule zikifungwa, pamoja na Dada, na kwamba hakuna kosa alilofanya. Alilirudia hilo la kosa mpaka mtoto akatikisa kichwa kukubali. Dada yake alitoka jikoni, akamshika Babu mkono.

"Sikukuomba," alisema.

"Hukuniomba. Mimi ndiye ninayekuomba."

Alishuka mwinuko bila kusimama. Ndani ya basi alikaa upande wa dirisha, mikono mapajani, na abiria wa pembeni alipomkaribisha karanga alishukuru akazishika njia nzima bila kula. Kadiri basi lilivyoteremka ndivyo hewa ilivyokuwa nzito. Watu walivua masweta. Mmoja alifungua dirisha, na ule upepo wa mjini ukaingia, wa moto hata baada ya mvua.

Kituoni, Mlinzi alikuwa amefika mapema na sare yake ya kazi, Dada akiwa mabegani mwake ili aone mbali. Dada alimwona mama yake kwenye ngazi za basi, akapunga mikono yote miwili, nusura aanguke. Nyoosha aliteremka. Nyuma yake akateremka mzee mwenye fimbo, kisha wanafunzi wawili, kisha mama na kuku wake.

"Babu amelala?" Dada aliuliza kutoka juu. "Nani amembeba?"

Nyoosha alisimama mbele ya mumewe, karanga bado mkononi. Mlinzi alimtazama usoni, akaelewa, na bado akautazama mlango wa basi juu ya bega la mkewe. Aliutazama mpaka kondakta aliposhuka wa mwisho, akaufunga.